Uzi: Kambi za kupima presha na sukari vijijini Kilimanjaro na Arusha, tuzungumzie siku inayofuata baada ya turubai kukunjwa

Mleta uzi (Moshi)

Habari za jioni, ndugu zangu. Nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi, na tangu nistaafu nimekuwa nikijitolea kwenye kambi za upimaji wa afya katika vijiji vya Hai, Moshi Vijijini na Arumeru, mara nyingi nikiwa meza ya kwanza ya kuandikisha majina, mara nyingine meza ya presha. Kila linapotoka tangazo la kambi mpya naona watu wakiuliza ni lini, ni wapi na ni bure au ni kwa kulipia. Swali linalonikosesha usingizi mimi ni jingine: mtu aliyekutwa na presha ya 190 kwa 110 siku ya Jumamosi, Jumatatu anakwenda wapi, na asipokwenda, nani anajua?

Nieleze kisa kimoja kwanza. Mwezi wa Julai, katika kijiji cha ukanda wa juu kwenye migomba na kahawa, tulimpima bibi mmoja ambaye presha yake ilikuwa juu sana. Tulimpumzisha, tukampima tena, ikabaki juu. Nikamwandikia kikaratasi cha kumpeleka kituo cha afya, akashukuru, akaondoka. Mwezi wa tatu mwaka uliofuata nilipita kwake kumjulia hali. Alinikaribisha ndani, akachukua kitabu chake cha nyimbo, akakifungua katikati na kutoa kile kikaratasi kikiwa kimekunjwa mara nne, safi kama siku nilipompa. Akaniambia, “Nimekitunza, mwanangu, sijakipoteza.” Hakuwa amekwenda popote kwa miezi minane. Kwake yeye, kupimwa na kuandikiwa ndiko kulikuwa kutibiwa, na hakuna aliyekaa naye dakika mbili kumweleza kwamba kile kikaratasi ni barua ya kumpeleka mahali. Mwandiko uliokuwa juu yake ni wangu.

Sisemi haya ili kambi zifutwe. Presha haiumi, na hilo ndilo jambo gumu kuliko yote. Mtu analima, anakata majani ya ng'ombe, anapanda mlima na mzigo kichwani, na hajui lolote mpaka siku anapoamka mkono na mguu wa upande mmoja havisogei. Wilaya ya Hai imechunguzwa sana katika jambo hili. Watafiti waliwapima wazee zaidi ya 2,000 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, wakakuta karibu asilimia 70 wana shinikizo la juu, na katika hao ni takriban theluthi moja tu waliowahi kuambiwa kwamba wanalo. Kwa nchi nzima, utafiti wa mwaka 2012 uliofuata utaratibu wa Shirika la Afya Duniani ulikuta presha ya juu kwa asilimia 26 ya watu wenye miaka 25 hadi 64, na kisukari kwa asilimia 9.1. Linganisha na uchunguzi wa vijiji vya Tanzania uliochapishwa mwaka 1989, ambao ulikuta kisukari kwa takriban mtu mmoja katika kila mia. Hata kama njia za kupima hazikuwa zile zile, sisi tuliokuwa wodini miaka hiyo tumeyaona mabadiliko kwa macho yetu. Mtu asiyeumwa haendi zahanati kupoteza siku yake ya shamba, kwa hiyo lazima kipimo kimfuate alipo. Hapo mimi sina ubishi na mtu.

Ubishi wangu ni juu ya namna tunavyopima na namna tunavyoondoka.

Kuhusu kupima, niwaombe vijana wanaojitolea wanivumilie. Julai kwetu ni baridi, watu wanakuja na sweta, juu yake kitenge, na foleni ni ndefu. Nimeona kwa macho yangu mkanda wa kupimia ukifungwa juu ya sweta nene la mama aliyekuwa ametoka kupanda kilima dakika hiyo hiyo, amekaa kwenye benchi lisilo na egemeo, miguu inaning'inia, mkono haujawekwa juu ya kitu chochote, na huku anaulizwa jina la mjumbe wa nyumba kumi. Namba iliyotoka hapo haikuwa presha ya yule mama. Mtu anatakiwa apumzike dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili zimegusa chini, mkono mtupu umelazwa mezani usawa wa moyo, na mdomo umefungwa, wake na wa mpimaji. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba, mkono unaoning'inia hupandisha, mazungumzo hupandisha, na kahawa ya muda mfupi uliopita nayo hupandisha. Tukikosea hapo tunamtia mtu mzima hofu ya bure, au tunamwanzishia dawa za maisha asizozihitaji. Ndiyo maana mtu mwenye 146 kwa 92 haambiwi papo hapo kwamba ana ugonjwa wa presha. Anaambiwa arudi kupimwa siku nyingine. Lakini aliyefika 180 kwa 110, na kichwa kinamgonga, au haoni vizuri, au kifua kinambana, huyo haandikiwi kikaratasi. Huyo anapandishwa gari siku hiyo hiyo.

Sukari nayo ina mtego wake. Watu wengi wanafika kambini wamekwisha kunywa chai, kwa hiyo kile kipimo cha tone la damu kidoleni ni cha mtu aliyekula, na hakisomwi kama cha mtu aliyefunga. Kwa aliyefunga usiku kucha, 7.0 (milimoli kwa lita) na kuendelea inatia shaka ya kisukari. Kwa aliyekula, tunaangalia 11.1 na kuendelea, hasa kama anasema ana kiu isiyokatika, anakojoa mara nyingi usiku na nguo zimeanza kumpwaya. Swali la kwanza kabla ya kutoboa kidole linapaswa kuwa, “Umekula nini na saa ngapi?”, nalo liandikwe kwenye fomu.

Sasa kuondoka. Nimewahi kufanya kazi katika kambi iliyoletwa na wafadhili ambao sitawataja. Jioni walihesabu waliopimwa, wakapiga picha na wanakijiji, wakapakia turubai, mashine na fomu zote ndani ya gari, wakaondoka. Mganga wa zahanati ya kijiji kile, iliyo hatua chache kutoka pale uwanjani, hakupewa hata jina moja. Sikuweza kulala siku ile. Majina ya watu waliokutwa na presha ya hatari yalikuwa njiani kwenda mjini, na wenye majina wako kijijini.

Kwa maoni yangu, kambi isipangwe kabla zahanati ya mahali pale haijaulizwa mambo matatu: ina dawa gani za presha na sukari leo, itaweza kuhudumia wangapi wapya, na siku gani ya wiki itawapokea. Majina ya waliokutwa na tatizo yaandikwe katika daftari linalobaki zahanati, pamoja na kitongoji na namba ya simu ya mtoto au jirani, kwa sababu wazee wengi hawana simu au simu imezimika. Kisha mhudumu wa afya ngazi ya jamii apewe orodha ya kitongoji chake na apite nyumba kwa nyumba baada ya wiki mbili. Mhudumu huyo anajua njia za kwenye migomba kuliko daktari bingwa yeyote, na anajua nani amejifungia ndani kwa sababu ya msiba na nani amehamia kwa binti yake.

Mchangiaji kutoka Arumeru

Shikamoo mama. Mimi ni tabibu katika zahanati ya kijiji na nimesoma kila neno, kwa sababu yaliyosemwa yametupata. Baada ya kambi iliyofanyika jirani yetu, wagonjwa wapya wa presha walianza kumiminika Jumatatu, na kufikia mwisho wa wiki ya pili amlodipini, dawa ya presha, ilikuwa imekwisha. Watu waelewe jinsi tunavyoagiza dawa kutoka Bohari ya Dawa: tunaangalia matumizi ya kipindi kilichopita, na kwa hayo tunakadiria ya kipindi kijacho. Kambi inapotuletea wagonjwa thelathini kwa siku moja, hao hawamo katika hesabu yoyote. Tunabaki kuwaambia wakanunue duka la dawa. Anayeweza ananunua vidonge kumi, vikiisha anapumzika mpaka auze ndizi. Kama waandaaji wangetuarifu miezi miwili au mitatu kabla, tungeongeza oda. Hatuombi fedha, tunaomba taarifa.

Mleta uzi

Marahaba, mwanangu, na pole na kazi. Hilo la kuarifiwa mapema nalichukua kama lilivyo. Niongeze kwamba kambi zenye fungu lao la dawa zingefanya vizuri kuziacha dawa hizo zahanati na kuziandikisha katika leja yenu, badala ya kumpa kila mtu pakiti ya mwezi mmoja mkononi. Yule mwenye pakiti hukimaliza kidonge cha mwisho, kisha anasema, “Nimemaliza dozi, nimepona presha.” Tumewafundisha hivyo sisi wenyewe kwa miaka mingi: dawa ya malaria ina dozi, ya kikohozi ina dozi, ukimaliza umepona. Ghafla tunaleta ugonjwa ambao kidonge chake hakina mwisho, na tunategemea mtu aelewe kwa sentensi moja, akiwa amesimama, nyuma yake kuna foleni.

Mchangiaji kutoka Longido

Ninawasalimu. Huku kwetu hali ni tofauti na kwenye migomba. Boma na boma zimeachana, na wakati wa kiangazi wanaume wako mbali na mifugo. Kambi ikifanyika shuleni katikati ya wiki, wanaokuja ni akina mama na watoto, na takwimu zinaonyesha kana kwamba wanaume hatuumwi. Kambi pekee niliyoona wanaume wengi wakipimwa ni ile iliyowekwa pembeni ya mnada wa ng'ombe, kwa sababu siku hiyo tupo wote, na mtu akishauza ana utulivu wa kukaa. Jambo la pili ni lugha. Mzee wangu alielezwa kwa Kiswahili cha hospitali, akaitikia kila kitu kwa heshima, na tulipofika nyumbani akaniuliza yule daktari alikuwa anasema nini.

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Longido, umenifundisha. Nimefanya kambi siku za soko, Tengeru siku ya Jumamosi na Kwa Sadala, na nilidhani nimemaliza suala la mahali, kumbe sokoni kwetu anayekwenda zaidi ni mama mwenye ndizi zake. Mnada ni jawabu la wanaume. Na mkalimani asiwe mtoto wa shule aliyeitwa dakika ile. Awe mtu mzima anayeheshimika, aelezwe mapema maana ya presha na sukari, ili asije akatafsiri “presha” kuwa hasira au mawazo, jambo ambalo nimelisikia zaidi ya mara moja.

Mchangiaji kutoka Dar es Salaam (kwetu Rombo)

Naomba kuuliza kwa heshima. Je, fedha hizi za kambi, magari, posho na mabango, zisingefaa zaidi zikiingizwa moja kwa moja zahanati, watu wapimwe huko mwaka mzima? Pia baba yangu aliambiwa ana sukari kwenye kambi, akatumia dawa, kisha akaacha akaanza mizizi. Mimi niko mbali, nikimpigia simu anasema yuko salama.

Mleta uzi

Swali la kwanza lina uzito, na kwa nusu yake nakubaliana nawe. Kama ningelazimishwa kuchagua, ningechagua zahanati yenye mashine nzima ya presha, vijiti vya kupimia sukari visivyokwisha, na tabibu mwenye muda. Lakini nakumbuka mwaka 2011, magari yalipopanga foleni ya kilomita nyingi kwenda Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa ya miti shamba cha shilingi 500, na wengi katika foleni ile walikuwa watu wa sukari na presha waliochoka. Wengine waliacha vidonge vyao, na tulikuja kuwapokea wodini. Mimi sikuwahi kuwacheka. Nilichokiona ni kwamba mtu mwenye ugonjwa usiokwisha atasafiri siku tatu kumfuata anayemwambia kwamba amesikia shida yake. Kambi ina nguvu hiyo ya kukusanya watu na kuwasikiliza, na Arusha tuliiona tena Juni 2024 watu walivyojaa uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Nguvu hiyo inapaswa kuwaongoza watu mpaka mlango wa zahanati.

Kambi pia huleta kisichopatikana kijijini siku zote. Kina mama wanaoogopa kwenda hospitali kuchunguzwa mlango wa kizazi hukubali wakija wengi pamoja, na kipimo cha siki hutoa jibu hapo hapo. Saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi yetu, na ikikutwa mapema inazuilika. Kwa wenye kisukari, kambi yenye mtu wa macho na mtu wa kuangalia nyayo ina thamani kubwa, maana jicho na mguu huharibika kimya kimya. Figo vilevile: utafiti uliofanywa Moshi, mjini na vijijini, ukachapishwa mwaka 2015, ulikuta ugonjwa sugu wa figo kwa asilimia 7 ya watu wazima, asilimia 15 mjini na asilimia 2 vijijini, na walio wengi hawakujua. Tofauti hiyo ya mji na kijiji inanifanya niwatazame kwa jicho la pili vijana wetu walioshuka Moshi mjini na Arusha kufanya kazi za kukaa.

Kuhusu baba yako: Desemba mnakuja nyumbani nyote. Nimekuwa nikiwasihi waandaaji wafanye kambi moja wiki ya Noeli, kwa sababu hapo ndipo mgonjwa na yule anayemnunulia dawa wanakuwa chini ya paa moja. Nenda naye zahanati wewe mwenyewe, kaa naye chumbani kama ataruhusu, uliza ni dawa gani na mara ngapi. Usianze kwa kumgombeza juu ya mizizi. Muulize kwanza kwa nini aliacha vidonge. Metfomini, dawa ya sukari, huwasumbua wengi tumbo mwanzoni, hasa wakiimeza kabla ya chakula, na mzee hawezi kumwambia mwanawe jambo la kuharisha kwenye simu. Mara nyingi sababu ni ndogo kama hiyo.

Mchangiaji kutoka Machame

Mama, kuhusu chakula je? Kila kambi tunaambiwa tupunguze chumvi, na sisi tunapunguza.

Mleta uzi

Swali zuri, na ni kosa letu wapimaji kutolimaliza. Uliza jikoni kwako kuhusu magadi. Kwenye makande na maharage tunaweka magadi ili yaive haraka, na magadi yana ile ile sodiamu iliyomo kwenye chumvi. Nimekaa na mama aliyepunguza chumvi mpaka chakula kikakosa ladha mdomoni, kumbe kila siku anamwagia kijiko cha magadi sufuriani, kwa kuwa hakuna aliyemtajia. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko cha chai kisichojaa kilima. Loweka maharage usiku, mwaga yale maji, kisha pika, hutahitaji magadi. Na mbege ihesabiwe pia, siku za sherehe na zisizo za sherehe, kwa sababu mtu akiulizwa kama anakunywa pombe hujibu hapana kwa moyo safi, akiwa na maana ya bia.

Mchangiaji kutoka Arumeru

Mama, samahani, nimerudi. Yule bibi wa kitabu cha nyimbo aliishia wapi?

Mleta uzi

Yupo, mwanangu. Siku ile ile nilimwita kijana wa bodaboda wa pale kijijini, tukashuka polepole mpaka kituo cha afya, nikakaa naye mpaka akapimwa. Alianzishwa dawa. Mjukuu wake aliye darasa la sita ndiye anayemkumbusha jioni, na tarehe za kurudi ameziandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya kanisa iliyotundikwa sebuleni. Mara ya mwisho alikuwa 148 kwa 86, hajafika tunapotaka, lakini hakosi kliniki. Pale kituoni, tabibu alipomaliza kunakili kile kikaratasi kwenye daftari alitaka kukitupa, bibi akanyoosha mkono akakiomba. Akakikunja mara nne tena, akakirudisha kwenye kitabu chake cha nyimbo.